Tumbo la Miezi Kumi na Minne

Kinyala, Tukuyu
14 Machi 1992

Mdogo wangu Tupokigwe,

Ugonile, mwe. Ukiipata hii ujue huku tunapumua, na mvua inanyesha kwa tabia yake ile ile, haijui Jumapili wala Jumatatu. Ng'ombe yule mwenye baka usoni amezaa ndama jike. Kaka Nsajigwa wa Lupepo anakusalimu, mguu wake umepona. Harusi ya Lutufyo ya Desemba uliikosa, nilikusubiri mpaka wali ukaisha. Mwanangu alivaa suti ya mitumba, mikono imemfika vidoleni, na Monica wake alilia vizuri mpaka watu wakaridhika. Wamejenga hapo nyuma ya migomba, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Baba Lutufyo alikuja kutoka huko kwenu Dar, akakaa siku nne. Nyumba yangu ilikuwa imejaa wageni wa kike, kwa hiyo siku zote nne alilala kwa kaka yake Ackson. Likumbuke hilo, ndilo linaloniponza sasa.

Nikuambie kilichonikalisha kitako na kalamu. Nimeota tumbo. Usicheke, nakujua. Si kitambi cha mtu aliyeshiba. Miguu ni ile ile, mifupa ya mabega bado unaweza kutundikia kikapu, lakini tumbo linatangulia kuingia mlangoni na mimi nafuata. Gauni la kanisani halifungi. Na tangu Desemba sijaona siku zangu.

Nina miaka arobaini na sita na nimebeba mimba sita. Mtoto akiwa ndani namjua, na ndani humu hakuna mtu. Lakini nani ataniuliza mimi? Mama mkwe aliniona nikioga, akahesabu tu kwa vidole. Unajua mambo ya kwetu. Mtoto wako akishaoa, wewe kuzaa basi. Wanasema mama akibeba mimba kwenye kiwanja kimoja na mkamwana, tumbo la mkubwa linalikalia la mdogo. Na Monica ameshaanza kutapika asubuhi.

Kazini nako, tangu shamba la chai lipate wenyewe wapya, sisi watu wazima tumetolewa kwenye kuchuma. Tunakaa mezani kiwandani kuchambua vijiti, saa moja hadi saa kumi, chai ya bure yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Wenzangu nao wameanza kutuna. Ila waume zao wako nyumbani, kwa hiyo wao wanaambiwa wamependeza.

Wewe uliye mjini niulizie kwa wanaojua: mwanamke anaotaje tumbo bila mtoto? Na ukimwona shemeji yako huko gereji, mweleze taratibu kabla hajaelezwa na wengine. Wewe anakusikiliza.

Dada yako,
Mama Lutufyo

*

Mburahati, Dar es Salaam
2 Mei 1992

Dada Atu,

Shikamoo dada. Barua yako ilikaa kwa mwenye nyumba wiki tatu, mtoto wake aliifanya ya kuchezea, kona moja imetafunwa lakini maneno yote yamefika. Mimi nipo. Kiwanda cha nguo kimetupunguza, tulikuwa mia mbili tukabaki na vyeti vya utumishi mwema. Sasa nakaanga chapati na maandazi hapa nje, nakaa kwenye kigoda kutwa, na yanayobaki nala mwenyewe. Hongera kwa mkamwana. Kuhusu harusi nisamehe, sikuweza kuja, tuyaache hayo.

Dada, umeniuliza vizuri na nina jibu, kwa sababu juzi nilikwenda hospitali kwa shida zangu ndogo nikakutana na daktari mama mwenye subira. Nilimuuliza yako na yangu kwa pamoja. Akaniambia mwanamke akifika umri wa damu kukatika, mafuta yanahama. Yale yaliyokuwa yanakaa mapajani na makalioni yanakuja kukaa tumboni, hata kama chakula hajaongeza. Aliyezaa sana, nyama za tumbo zimeshalegea, haziyazuii. Aliyekuwa anatembea na kikapu mlimani akakalishwa kwenye benchi, basi ndiyo hivyo, kilichokuwa kinaungua hakiungui tena. Akaniuliza kuhusu sukari na mafuta ya kula. Nikamwambia zamani tulipanga foleni duka la ushirika tukapata nusu kilo, sasa iko kila kibanda na mafuta yanauzwa kwa vikombe. Akacheka, akasema basi mmekaribishwa. Tena akasema mtu asiyelala vizuri, mwenye mawazo, mwili wake unaweka mafuta hapo hapo mbele. Na mengine ni ya kuzaliwa nayo. Aliponiuliza mama yetu alikuwaje, nikamwambia sikumbuki, nilikuwa na miaka sita, aliyenilea ni dada yangu.

Kwa hiyo ni mafuta, dada, usiogope. Ni umri, ni benchi, ni sukari, na ni mume kuwa mbali.

Baada ya kuyasema yote hayo akanipima na mimi. Mvua zimeanza huku, choo kimefurika.

Shemeji nitamwambia. Amekuwa na kazi nyingi. Mimi pia nimejaa kidogo, ukiniona utanicheka.

Mdogo wako,
Tupo

*

Kinyala
28 Juni 1992

Tupo wangu,

Marahaba. Baridi ya Juni imeingia, tunalala na makaa chumbani, ndizi zinakomaa polepole. Ndama anaendelea. Daktari wako nimempenda, mwambie hivyo. Na mama yetu nakumbuka vizuri. Alikuwa na tumbo hili hili. Ulikuwa ukilala juu yake wakati wa kiangazi na kusema ni mto wa bibi harusi. Alipokufa watu wakasema alikufa na mimba, kumbe hata walioosha maiti hawakukuta kitu. Sikuwahi kukuambia.

Nimeyashika maneno ya daktari. Sukari nimeacha, chai nakunywa chungu mpaka wenzangu mezani wanadhani nimeweka nadhiri. Lori la wafanyakazi sipandi tena, natembea kwenda na kurudi. Usiku nakula ndizi mbili za mbalaga na mchicha. Mwezi na nusu sasa. Uso umeisha, mashavu yameingia, mikono imekuwa vijiti, na tumbo liko pale pale linanitazama. Kwa hiyo ndio nimeharibu kabisa. Mama mkwe anasema mwanamke anayekonda juu na kujaa chini hahitaji kupimwa.

Nilikwenda kwa Mwanaasha, yule mshonaji wa sokoni Tukuyu ambaye wazee wake walitoka pwani. Akanihurumia, akanikatia kitambaa kirefu cha marekani, akakiita mkaja. Kwao mwanamke akijifungua anafungwa tumbo nacho lirudi. Akanifunga mwenyewe mpaka nikashindwa kupiga chafya. Nikakivaa wiki tatu. Nilipokifua, nikakianika nyuma ya jiko, na mama mkwe akakikuta. Akakishika kwa ncha mbili za vidole, akapita nacho kwa Ackson, akapita nacho kwa majirani. Alichouliza ni kimoja tu, kwamba nani anajifunga tumbo kama hana anachokificha.

Sasa lililo baya. Monica mimba imetoka, ya miezi minne. Nilimshika mimi, hapakuwa na mtu mwingine. Nilimwosha, nikamfukia mjukuu wangu chini ya mgomba kwa mikono hii. Kesho yake Lutufyo alinikuta kisimani, akanipita. Mwanangu, Tupo, hakunisalimu. Wamemwambia tumbo langu limemkalia mwanawe.

Umeshaongea na baba yake? Akiandika mstari mmoja tu, kwamba anajua ni mafuta, watanyamaza. Nimemwandikia mara mbili, hajibu. Na unitumie picha yako nione huko kujaa unakokusema, angalau nicheke.

Mama Lutufyo

*

Mburahati
16 Agosti 1992

Dada Atu,

Shikamoo. Pole sana kwa Monica, nimelia. Nimechelewa kujibu, siku hizi siendi mbali, hata chapati nimepunguza, miguu inanivimba na hili joto. Picha hiyo nimeweka, imechukua uso tu, mpiga picha alikuwa na haraka.

Shemeji nimemwona. Nilimwambia dada yangu ana mafuta, hana mimba. Akasema ataandika yeye mwenyewe kwa kaka yake. Sijui ameandika nini, usiniulize, dada.

Fanya hivi. Nenda hospitali upimwe mkojo, ni kipimo cha siku moja. Mwambie nesi akuandikie karatasi yenye mhuri, na aandike kwa Kiswahili, siyo kwa zile lugha zao, ili wakwe zako wasome wenyewe. Wakishasoma yataisha. Lazima yaishe.

Nakuombea. Na wewe uniombee Septemba hii.

Tupo

*

Lupepo
20 Septemba 1992

Tupo,

Ona juu hapo, ni Lupepo. Niko kwa kaka Nsajigwa, nalala chumba kile tulicholala wewe na mimi. Wanakusalimu wote. Mke wake ananipikia na haniulizi kitu, na hilo nalo ni zito.

Nilikwenda hospitali ya Makandana kama ulivyosema. Nilipanga foleni, nikatoa mkojo, nikangoja. Nesi msichana mwenye adabu akaniita, akasema mama huna mimba, damu yako imekatika kwa umri, hilo ni tumbo la mafuta. Tumbo akalibonyeza kila upande, akasema hakuna kitu kingine. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwomba aandike kwa Kiswahili watu wa nyumbani wasome. Akaandika vizuri, kwa herufi kubwa, akagonga mhuri. Kipimo cha mimba: HASI. Nikamuuliza hasi ni nini, akasema ni kwamba hakuna. Nikarudi kwa miguu hadi Kinyala naimba.

Jioni ukoo ulikaa kwa Ackson. Yeye ndiye mkubwa na ndiye aliyesoma kati ya wazee, na miaka kumi amekuwa kwenye josho la ng'ombe akimsaidia bwana mifugo. Nikampa karatasi kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akasoma, akarudia, akaishusha mapajani. Kisha akasema, "Imeandikwa hapa kwa mhuri wa serikali. Amehasiwa."

Nikadhani sikusikia. Akaendelea kuwaeleza kwa utulivu kabisa. Hasi anaijua, ameshika koleo la kuhasia madume wa wilaya hii nzima, karatasi ile haina cha kumficha. Huyu mwanamke amekwenda hospitali, mimba imeshafika miezi tisa, ameitoa na akaomba akatwe kizazi kabisa ili asijulikane. Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge. Nikasema jamani, hasi ni hakuna, nesi ameniambia hakuna. Ackson akasema ndiyo, hakuna, kwa sababu imetolewa. Nikasimama nikajishika tumbo hili mbele ya wanaume, sikuona aibu, nikawauliza kama nimelitoa hiki nilichoshika ni nini. Ndipo barua ya mume wangu ikasomwa. Alikuwa ameandika kweli, kama ulivyosema. Aliandika kwamba alipokuja harusini hakuingia nyumbani kwangu, wao waamue wanavyoona.

Nikuambie linaloniuma kuliko hayo yote. Lutufyo alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Lutufyo amemaliza darasa la saba, na hesabu ndiyo ilikuwa yake. Nakumbuka akifanya kazi za shule kwenye meza yangu, namba chanya upande huu, namba hasi upande ule, ananifundisha na mimi huku namenya ndizi. Anajua hasi ni nini. Nilimtazama. Alikuwa anajua, Tupo, nilimwona usoni. Akainamisha kichwa akaanza kuchora chini kwa kijiti. Mtoto wake amefukiwa chini ya mgomba na lazima mtu mmoja awe amemkalia.

Asubuhi wakanitolea sanduku langu.

Sina hasira na wewe kwa ile karatasi, ulifikiri vizuri. Niandikie upesi. Hapa sina mtu wa kuongea naye.

Dada yako

*

Lupepo
29 Novemba 1992

Tupo, hii ni ya tatu bila jibu. Uko mzima? Umehama? Niliota umekaa kwenye kigoda chako unanipa kisogo. Kaka anasema labda posta.

Nina habari moja na nimeona nisikae nayo peke yangu. Alhamisi nilikwenda soko la Tukuyu na magimbi ya kaka. Lutufyo akanikuta pale kwa Mwanaasha. Amekonda. Alisimama mbele ya magimbi kama mnunuzi, akachagua, akarudisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hasi najua maana yake. Nilijua siku ile ile." Nikamwambia najua kwamba ulijua. Akauliza, na kweli hakuna kitu? Nikamwambia mwanangu, hakuna kitu, ni mafuta tu na uzee. Akalia pale sokoni, mtu mzima na ndevu. Alisema atazungumza na baba yake mkubwa baada ya Krismasi, ataieleza karatasi mbele ya wote. Akaninunulia sukari robo. Nikaipokea, nitafanyaje.

Kwa hiyo mtu mmoja anajua, Tupo. Sasa nalala.

Jibu, hata mstari.

Atu

*

Mburahati
3 Januari 1993
Kwa mkono wa shemeji

Dada Atu,

Shikamoo sijui kama utaipokea. Hakuna habari nitakayoanza nayo isipokuwa hiyo aliyobeba.

Yule daktari nilikwenda kwake kwa sababu nilikuwa nimeota tumbo. Miaka kumi na moja niliishi na mwanaume sikushika mimba, akaniacha kwa ajili hiyo, kwa hiyo nilipotuna nilijua ni maandazi. Nilimweleza hivyo. Ndipo akanieleza yote yale ya umri na benchi na sukari, yote nikakuandikia vile vile. Kisha akanipima. Akasema, mama, wewe lako si mafuta. Nilikuwa na miezi minne. Nikatoka pale nikanunua karatasi na bahasha nikuandikie, na nikaandika kila kitu isipokuwa hicho.

Mtoto ni wa mumeo. Sitakuambia ilivyokuwa, maana kila nikiandika inaonekana kama najitetea. Nilipopunguzwa kazi alinitafutia chumba hiki, alikuja kunitengenezea mlango, akaja tena. Harusi sikuja kwa sababu nisingeweza kukutazama. Wewe ulinibeba mgongoni kutoka siku ya maziko ya mama mpaka nilipokwenda shule. Najua nilichofanya, najua jina lake.

Amezaliwa Septemba tarehe ishirini, mvulana. Siku hiyo hiyo uliyoandika ile barua ya hasi, nimeangalia tarehe. Niliipata nikiwa nimelala naye kitandani, nikashindwa kuishika kalamu miezi yote hii.

Shemeji ana mpango na atakueleza mwenyewe. Anasema mpango huo unatupatanisha wote. Mwenye nyumba ametaka nitoke, mwanamke asiye na mume na mtoto mchanga hamtaki, na maziwa yangu yamekatika wiki ya sita. Nilimwambia shemeji nitampeleka kwa masista. Akasema kwa nini kwa masista wakati huko Kinyala kuna mtu wanayesema alikuwa na mimba. Dada, nilipolisikia hilo neno nilimrushia sufuria. Kisha nikamfungasha mtoto.

Ukimkataa sitakulaumu. Akilia usiku anapenda kulazwa kwa tumbo.

Tupokigwe

*

Kinyala
21 Februari 1993

Tupokigwe,

Nimerudi Kinyala, niko nyumbani kwangu. Mvua inanyesha. Yule ndama jike wamemuuza. Mtoto wako ni mzima, anakunywa maziwa ya ng'ombe, ana meno mawili.

Nikueleze ilivyokwenda, kwa sababu hutaambiwa na mwingine. Mume wangu Enosi alifika Lupepo usiku wa kuamkia Jumatano, na mtoto ndani ya koti. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama kwamba nina njia mbili. Nikubali mtoto nimemzaa mimi, hapo Lupepo, na yeye ataapa kwa kaka yake kwamba usiku mmoja wa harusi aliingia kwangu kwa kujificha na aliona aibu kusema. Au nikatae, basi nitakuwa yule yule aliyehasiwa mpaka nife, na mtoto ataachwa mlango wowote utakaokuwa wazi. Kaka Nsajigwa alitaka kumpiga. Mimi nikaichukua barua yako nikaisoma kwenye taa. Nikamtazama mtoto. Ana masikio yako, Tupo. Nilikuwa nikiyafuta haya masikio mvua ikikunyeshea ukiwa mgongoni kwangu. Ningempeleka wapi?

Nikasema ndiyo. Namchukia mume wangu na nitampikia mpaka mmoja wetu afe, na wewe sijui bado nakuitaje moyoni.

Ukoo ulikaa tena. Nilipangiwa la kusema, nikalisema, kwamba nilizaa Septemba na niliogopa. Sikumaliza hata sentensi ya pili, wameshaamini. Wale waliokuwa wakihesabu kwa vidole, safari hii hakuna aliyehesabu. Ackson alisema lazima nesi alikosea kuandika. Mama mkwe akampokea mtoto, akampa jina Asajile, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Kuhusu maziwa yangu wakasema ni uzee. Mwaka mzima nimesema ukweli mpaka sauti ikakauka, Tupo. Uongo nimesema siku moja.

Kosa sasa ni dogo, ni la kuzaa tu wakati mkamwana yupo. Nitakatiwa kuku, nitaoshwa, yataisha. Hivyo ndivyo wanavyosema.

Halijaisha moja. Tumbo liko pale pale. Tangu Desemba ile hadi sasa ni miezi kumi na minne. Mezani kiwandani wameshaanza kuuliza kama huyu ni wa pili, wanaulizana kwa kucheka, na mimi nacheka nao. Sukari nimerudia. Ya nini kujinyima? Asajile ukimweka chini analia, ukimlaza juu ya tumbo hili ananyamaza hapo hapo, anazama. Pamekuwa laini kwa mtu mmoja, angalau.

Lutufyo alikuja Jumapili. Monica alibaki nje na mabegi mawili, hakuingia. Wanahamia Chunya, wanasema kuna dhahabu, lakini mimi najua wanakwenda mahali ambapo mimi sipo. Alisimama mlangoni. Alimtazama mtoto muda mrefu, akanitazama tumboni.

"Siku ile sokoni," akasema, "kumbe ulikuwa umemwacha Lupepo."

Akaingia hatua moja, akashika ukingo wa meza.

"Mimi peke yangu niliiamini ile karatasi, mama."

Karatasi bado ninayo, iko ndani ya Biblia, mhuri haujafutika. Biblia ilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Nikafungua mdomo nimwambie. Mtoto wako akaamka akalia, nikaenda kumchukua, na niliporudi mlangoni hapakuwa na mtu.

Usiniandikie kwa muda. Nitakujulisha akianza kutembea.

Mama Asajile